Aape kwa Nani?

Jumatatu, 4 Machi

Daktari kasema uvimbe utolewe. Ijumaa naingia hospitali, wiki nzima kitandani! Nimekaa mbele ya cherehani, sindano imesimama kwenye sketi ya watu, namuwaza mwanangu Kipusa tu. Kifafa chake hakina likizo. Dawa asubuhi, dawa jioni, ukiruka anaanguka. Nani atakaa naye? Dada anamtaka. Shemeji, mdogo wake marehemu mume wangu, naye anamtaka. Dada kasema nisithubutu. Yule fundi umeme hasali, na kasema kwa mdomo wake, tangu tumzike kaka yake, kuwa huko juu hakuna mtu. "Asiyemwogopa Mungu atamwogopa nani?" Na Kipusa akimwona baba yake mdogo anadunda kama mpira.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji kaja kurekebisha swichi ya jikoni. Nikamuuliza huku napiga pasi, maana uso kwa uso ningeona haya. Shemeji, nani anakuzuia usiwadanganye wateja? Akacheka. Eti anaweza kuficha waya mbovu ukutani, akapaka rangi juu, nani atajua? Ila siku moja mtu ataungua. "Kuungua ni kuungua, shemeji, hata mbingu ziwe tupu."

Sawa. Lakini nani kasema kuungua kwa mwenzio kunakuhusu?

Akajikuna kichwa kwa bisibisi. "Hilo sijui. Wewe nani kakwambia?"

Nguo zote zimenyooka, swali bado lina mikunjo.

Jumatano, 6 Machi

Kabla ya kwenda kwenye vipimo nilipita kwa dada na swali langu. (Mungu nisamehe, nauliza tu.) Dada, Mungu angesema kumpiga mtoto asiye na kosa ni vizuri, ungempiga Kipusa? Kashtuka! Mungu hawezi kusema hivyo. Kwa nini hawezi? "Kwa sababu ni vibaya, we vipi!" Ni vibaya kabla hajasema, au baada ya kusema? Tukatazamana kama kuku waliomwagiwa maji. Akasema nimeanza kuongea kama huyo shemeji yangu, ninywe chai kichwa kipoe. Nikiwa mlangoni akaongeza: "Mimi nikiwa peke yangu ananiona. Yeye nani anamwona?"

Nalo neno.

Alhamisi, 7 Machi

Jana nilichelewa kwenye vipimo, shemeji ndiye aliyebaki na Kipusa. Niliporudi mtoto kalala, shemeji kaaga, kila kitu shwari. Leo asubuhi kagonga mlango sijanawa hata uso. Kiti kakataa. Jana alisahau dawa! Alikuwa anamfundisha mtoto kuwasha balbu kwa betri, akaja kukumbuka mtoto ameshasinzia, ikabidi amwamshe ameze. Hakuanguka. Hakuna aliyeona. Kipusa mwenyewe hajui kusoma saa. Angenyamaza ningejulia wapi? Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Kisha nikamuuliza, kwa nini umeniambia? "Ungeniachia mtoto bila kujua unamwacha na nani." Basi. Akaenda kazini.

Nimekaa na hilo mchana kutwa. Mkweli — na msahaulifu! Nikampigia dada: Kipusa akilala kwako, umewahi kusahau dawa? "Mimi? Kamwe!" Haraka hivyo. Pengine ni kweli. Dada yangu si mwongo. Ila sina pa kuchungulia. Sasa nimwamini yupi, asiyekosea, au aliyekosea akasema? Nimesali. Nimesali tena. Nahisi kama nimerudishiwa swali langu.

Ijumaa, 8 Machi

Wote wawili wako sebuleni. Nimejifungia chumbani, eti natafuta viatu. Begi langu tayari. Nawasikia. Dada anamwambia basi aape, hapa hapa, kwamba hatasahau tena.

"Niape kwa nani, dada? Nikimtaja nisiyemwamini, si nitakuwa nimeanza na uongo?"

Anasema anatega kengele kwenye simu, ilie asubuhi, ilie jioni. "Makubwa! Kiapo cha simu!" Dada kacheka, kile kicheko chake cha hasira.

Zipu ya mkoba wake inafunguka.

Kisha sauti ya dada, ya chini mno: "Hebu... na mimi nitegee kwenye yangu."

Ee! Dada!

Teksi inapiga honi. Kipusa yuko hapa mlangoni kwangu, anagonga. Mama, mswaki wangu niutie kwenye begi la nani?