Bwana Hayumo Kaburini

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi na mwanangu Samira hatujambo, ila baridi ya huku Harrow, Uingereza, inaingia mpaka kwenye meno.

Leo mvua imetukimbizia ndani ya kanisa kongwe. Mna kaburi la bwana mkubwa wa enzi za panga na ngao. Amechongwa kwa jiwe, kalala na mavazi yake ya vita, mkewe ubavuni, na chini yao watoto wamepangwa, wadogo kama vidole. Kwa mazoea nikatoa salamu ya makaburini. Bibi mmoja aliyekuwa akipangusa vumbi akauliza nasema na nani. Samira akamjibu kuwa namsalimia marehemu.

"Mwambie mama yako hayumo," akasema. "Alikwenda vitani ng'ambo, hata maiti yake haikuonekana. Mkewe alingoja miaka mingi, mwisho akamjengea hili, watoto wapate pa kusimama."

Mama, nilikaa kitako pale pale. Tangu Baba alipochukuliwa siku zile za mapinduzi umekataa eda, umekataa khitma, kwa kuwa hujaiona maiti. Kila jioni unamfunikia chakula chake kwa kawa, na asubuhi unawapa kuku. Sijakulaumu hata siku moja, wala leo sikulaumu.

Lakini na sisi wanao hatuna pa kusimama.

Nakubusu mikono yote miwili. Nikirudi, niruhusu tumsomee Baba khitma, na kile chakula cha chini ya kawa kiliwe na watu.

Mwanao,
Rukia