Kipande cha Tatu cha Shaba

Mzee Rajabu, fundi wangu,

Tangu tukuzike hapa Rumonge nimefanya kazi saba peke yangu na sijaunguza kitu. Ya nane ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Mama Zena amehamishia kinu chake cha mawese Kizuka. Mota yake unaijua, ndiyo kazi yako ya mwisho. Mjini ilikuwa ikila umeme wa nyaya tatu, volti 380. Huko Kizuka unafika umeme wa nyumbani tu, volti 220. Nikafunga variateri, kile kisanduku cha kuongozea kasi ya mota: kinapokea 220 ya nyumbani, kinatoa nyaya tatu, nazo za 220 vilevile.

Ikiwa tupu, mota ilizunguka vizuri. Tukitia chikichi, inasimama. Siku mbili hivyo. Chikichi zilizokwisha kuchemshwa zikaanza kuchacha, na Mama Zena akaniambia mbele ya watu, "Mzee Rajabu alikwenda na ufundi wake. Wewe iko unacheza tu." Iliniuma sana. Nikalaumu kisanduku, nikalaumu umeme wa Kizuka. Kifuniko cha mota sikukigusa, kwa sababu ulikifunga wewe.

Siku ya tatu nikakumbuka kelele zako: "Soma kibati kwanza, mutoto! Mota iko inajisemea yenyewe." Ulikuwa ukikifuta kwa mate na kidole gumba hata mbele ya wakubwa, nami nikiona haya. Safari hii nilikifuta mwenyewe, kile kibati chenye maandishi ubavuni mwa mota. Kinasema nyaya za ndani zifungwe hivi: 220 pembetatu, 380 nyota. Wewe uliifunga nyota, na kwa mjini ilikuwa sawa kabisa. Kwa Kizuka ilikuwa inapata zaidi kidogo ya nusu ya haki yake.

Nikafungua. Kuunganisha nyaya kwa nyota hutumia vipande viwili vya shaba, kwa pembetatu vitatu. Nikawa nawaza cha tatu nitakitoa wapi. Kumbe kilikuwa humo humo, ndani ya kifuniko, umekifunga kwa kitambaa cha kanzu yako kuukuu. Ulijua kuna siku mtu ataibadili kazi yako. Nililia, mzee. Mama Zena akadhani nimepigwa na umeme.

Nikaifunga pembetatu, na kinu kinakamua sasa. Pumzika. Hata mahali ulipopita mkono wako nitasoma kibati vilevile, na nikibakiwa na kipande nitamfungia kwenye kitambaa atakayekuja kufungua kazi yangu.

Mwanafunzi wako,
Saidi