Kola Hugeuzwa Mara Moja

Kadzo mjukuu wangu,

Pokea salamu za Utange. Sisi wazima, mbuzi kazaa, ila mimi situlii: nakaa, nainuka, narudi kwenye cherehani. Ni hilo swali lako, kodi ya serikali ikipanda huumia nani, tajiri au mwenye mshahara.

Kodi ilipanda nilipokuwa msichana, najifunza ushonaji kwa fundi mmoja Changamwe. Mwenye duka la jumla alikuja kupimwa suti mpya, akacheka: "Kodi yangu naitia kwenye bei ya sukari." Jioni karani wa bandari, mteja wa duka lilo hilo, akaingia kwa mlango wa nyuma na shati lake la kazini. Kola imelika. Tuliifumua, tukaigeuza, upande mzima ukawa nje. "Msimwambie mtu," akatuomba. Kola hugeuzwa mara moja tu. Ikilika tena, shati ndiyo basi.

Juzi babako, mwalimu mzima, kaniletea shati lake la kufundishia. Nikaifumua kola. Kumbe ilishageuzwa, kwa fundi mwingine, kimya kimya.

Shati liko mapajani mwangu hadi sasa, mwanangu. 

Nyanyako