Kiungulia cha Muuza Dawa

Jumatatu, 3 Machi

Miezi miwili tangu tumzike mume wangu. Leo nimefungua tena jiko la kantini. Wifi yangu kaja kunisaidia kuosha vyombo. Hasemi sana – naye kafiwa na kaka.

Saa saba na nusu kaingia muuza dawa, yule wa duka la mkabala. Kakaa meza ya dirishani kama zamani. Pole sana shemeji, kasema. Halafu, wali ukiwa bado mdomoni, akawaambia mafundi wa karakana kwamba marehemu alikuwa mbishi, yeye alimhimiza sana aende hospitali.

Mwongo. Dukani kwake nilitumwa mimi. Mara nne. Nilimweleza: kifua kinawaka, maumivu yanashuka mkono wa kushoto, jasho linamtoka. Akacheka. Kiungulia hicho, shemeji, huo mkono kaulalia. Akakata vidonge kumi kwa mkasi. Apunguze mafuta, akasema.

Hospitali walisema ni moyo. Walisema tukiwa tumeshachelewa.

Jumanne, 4 Machi

Nimempikia muuza dawa chake peke yake. Vitunguu vinaogelea kwenye mafuta, nyanya chachu, pilipili nne za kusaga. Juu yake chai kali. Nimempelekea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Kamaliza. Kakomba na sahani.

Jumatano, 5 Machi

Nimelala vizuri, mara ya kwanza tangu msiba.

Kaja anacheua. Ati kakesha ameketi kitandani, uchachu unampanda kooni. Anatafuna vidonge vyake mwenyewe. Nikamwambia pole shemeji, nikaongeza pilipili ya tano.

Ijumaa, 7 Machi

Vidonge vile vyeupe vilikuwa vikimwachia mume wangu unga pembeni mwa mdomo, kama mtoto aliyeiba sukari. Nilikuwa namfuta kwa kidole. Tuliinua kitanda upande wa kichwani kwa matofali mawili ili uchachu usipande. Akasema sasa tunalala mlimani. Asubuhi nilijikuta nimeporomoka mpaka miguuni kwake.

Mchana wifi kaikuta sufuria yangu ndogo, ya chakula cha muuza dawa. Kaonja, katema. "Wifi, pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Nikamjibu hii inaniwasha mimi kila siku.

Akarudi kusugua masufuria. Muda mrefu. Halafu akasema bila kugeuka: "Mkamulie na ndimu."

Jumatatu, 10 Machi

Kaja amenywea, macho yameingia ndani. Nihurumie shemeji, wiki hii nipikie cha mgonjwa.

Siku nzima ya jana nilikuwa napanga nimtilie nini. Lakini mtu akiomba chakula cha mgonjwa, mikono yangu haijui kukataa. Wali laini, karoti za kuchemsha, maji ya uvuguvugu. Nikamwambia ale kidogo kidogo, asilale kabla chakula hakijashuka. Akashukuru sana.

Nimejichukia kutwa nzima. Mume wangu amelala kaburini, mimi namchemshia huyu karoti.

Jumatano, 12 Machi

Wali na karoti tena. Kasema sasa analala kama mtoto. Mafundi wakamtania, daktari kaponywa na mpishi. Akacheka nao. Hana habari.

Alhamisi, 13 Machi

Saa saba na dakika arobaini. Naandika nimesimama jikoni.

Kaingia shati limelowa mgongoni, na leo hakuna joto. Hajala kitu. Kiungulia kimerudi shemeji, kikali, kasema, nipe maji. Katafuna vidonge viwili. Mkono wa kushoto kaulaza mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

Wifi kaja na trei, kanong'ona: jana ulimtilia kitu?

Sikumtilia. Haki ya Mungu, tangu Jumatatu sijamtilia hata chembe.

"Basi hiki si chakula," akasema.

Namwona muuza dawa kupitia kidirisha cha kupakulia. Kafungua vifungo vya shati. Fundi mmoja kamuuliza kama yuko salama, kamjibu ni gesi tu. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Katoa kidonge cha tatu, kimeanguka, anakitafuta kwa macho tu, hawezi kuinama.

Wifi kashika simu. Namba ya gari la wagonjwa ameshaiandika. Kidole kiko juu, habonyezi.

Ananitazama mimi.