Koti Lililogeuzwa

Arua, Ijumaa

Gomesi! Eti kesho kwenye harusi kule Koboko nivae gauni la gomesi kama bibi wengine. Mke wa mwanangu amenisumbua tangu asubuhi: "Mama, watu iko nacheka wewe na hii koti!"

Wacheke. Mume wangu alipofariki, ndugu zake waligawana nguo zake zote, wakaniachia koti hili kwa sababu lilikuwa limechakaa. Nikaligeuza, bitana nyekundu ikawa nje, nikaenda nalo sokoni kwa hasira tu. Wanawake wakaniuliza fundi ni nani. Nikasema ni mimi, na cherehani sikuwa nimewahi kuigusa! Ikabidi nijifunze. Mpaka leo maharusi wananifuata nyumbani niwashonee.

Macho yanafifia. Naogopa siku sindano itakaponishinda.

Lakini kesho navaa koti. Na nikifa, wanizike nalo. Safari hii hawagawani kitu.