Jina la Kazi

Idah uko?? Susu, nyanya yangu, si Mkamba! Hata si Mbithe!

Nilikuwa namjazia fomu ya hospitali, nikamuuliza mama yake aliitwa nani. Akaanza kulia. Susu, kulia!

Sikiza. Mwaka wa hamsini na nne alikuwa Gathoni, Mkikuyu, akiuza mwili Majengo hapa Thika. Mama yake alichuma kahawa Ruiru. Ili habari isimfikie, kwa wateja Gathoni alijiita Mbithe, na Kikamba akajifunza kwa hao wateja. Jumapili anarudi Ruiru, anakuwa Gathoni tena.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, serikali ya Wazungu ikiwakamata Wakikuyu kwa uasi. Asubuhi moja askari wakazingira Majengo, Wakikuyu wote wapange foleni, wapande lori kwenda kizuizini. Askari mmoja, mteja wake, akamvuta pembeni: "Huyu ni Mbithe, Mkamba wetu."

Huyo askari ni Ndambuki. Ndiyo, babu yangu!!

Sasa ngoja. Mama yake alikuwa kwenye hiyo foleni! Jumapili binti hakwenda Ruiru, kwa hiyo mama akaja kumtafuta. Akamwona, akaita, "Gathoni!"

Mkubwa wa askari, Mzungu, akamuuliza Susu, unamjua huyu mama?

Akasema hamjui. Idah, alisema HAMJUI. Kwa Kikamba.

Hakumwona tena. Ndambuki akamuoa, na tangu hapo ni Mbithe tu. Hata kwenye uchungu wa kuzaa alijichunga asilie kwa Kikikuyu. Na mimi nikapewa hilo jina, jina la kupokelea wateja mlangoni!

Nimemuuliza, sasa nikuite Gathoni?

Akasema, "Niite Mbithe. Gathoni alipanda lori na mama yake."