Masharubu ya Prefe juu ya mdomo wangu

Gédéon, nimechoka hata kucheka.

Unakumbuka muhula uliopita nilijichora masharubu ya mkuu wetu wa shule, Prefe Hatungimana, kwa rangi ya nywele? Juzi nilirudia. Leo nimetokwa na malengelenge, umbo lile lile. Malengelenge ya masharubu, ndugu yangu!

Masera Akimana, mtawa muuguzi wa dispansari, akaniambia: "Mwanangu, ndani ya ngozi muko seli zenye matawi kama mti. Mara ya kwanza zilikamata rangi, zikapeleka habari kwenye tezi. Safari hii mwili ulikuwa unaingoja."

Yaani nimeshitakiwa na ngozi yangu mwenyewe.

Prefe akaingia. Nikajua nafukuzwa shule. Akanitazama, akasikia habari ya rangi, akauliza polepole: "Masera, na muntu anayejipaka kila Jumamosi?"

Prefe ana miaka sitini, masharubu meusi tii!

Sikufukuzwa. Ameniomba nisimwambie mtu. Weye si mtu.